Ufunguo Uliokwenda Miono

Mimi Biubwa hasira zangu ziko karibu, Mlingotini nzima inajua. Lakini siku ile nilidhani nina haki, na hata leo nasema nusu ya haki ilikuwa yangu.

Chama chetu cha kufa na kuzikana kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tunashika watatu: Bi Hafidha mweka hazina, Ashatu mjane, na mimi. Mmoja akikosekana, sanduku halifunguliwi. Sheria hiyo kaitunga Bi Hafidha mwenyewe.

Masika haya nyumba ya Ashatu ikawa inavuja hadi kitandani, watoto wanalala wamekaa. Nikasimama kikaoni nikasema sanduku limejaa, tumnunulie mwenzetu bati. Bi Hafidha akanitazama kwa utulivu wake ule unaoniudhi.

"Biubwa mwanangu, ile ni akiba ya siku tusiyoijua. Bati tutachanga."

"Tutachanga lini? Fedha ya sadaka imelala pakavu, mwenye shida analala kwenye maji. Hiyo ni akiba au ubahili?"

Watu wakaguna. Ashatu akanivuta kanga, "Shoga, yaishe." Hayakuisha. Nilimwambia Bi Hafidha maneno ambayo siyarudii, mtu mzima yule, aliyemwosha mama yangu alipofariki. Kesho yake nikaenda zangu Miono kwa dada, ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kanga. Nilitaka waone faida ya sanduku lisilofunguka. Mwanangu Adila alikuwa na mimba ya miezi minane, nikajiambia nitarudi kabla hajajifungua.

Siku ya tatu asubuhi tunapalilia mihogo, simu ikalia. Ni Twalib, mkwe wangu. Adila ameshikwa na uchungu kabla ya siku zake, damu inamtoka, mkunga amesema apelekwe hospitali Bagamoyo sasa hivi, na mwenye gari haondoki bila fedha ya mafuta.

"Mama, fedha ipo sandukuni. Ufunguo wako uko wapi?"

Nikalishika pindo la kanga. Nikakaa juu ya tuta.

"Mwambie Bi Hafidha avunje kufuli yangu," nikasema. "Mwambie namwomba radhi."

Simu ikakatika, nikakimbilia basi. Njia nzima nilikuwa nalia, maana kwa maneno niliyomtupia mama yule, angeweza kujibu kuwa sheria ni sheria, na angekuwa na haki.

Nilifika hospitali Bagamoyo alasiri. Adila kapasuliwa salama, amelala, na pembeni yake kitoto cha kike kimeviringishwa kwenye kanga, kinapiga chafya. Alhamdulillahi. Sijawahi kushukuru kama siku ile, nilishukuru mpaka nikamshukuru mfagiaji.

Bi Hafidha alikuwa amekaa kwenye benchi la nje. Nikampigia magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Inuka, unachafua kanga."

"Umevunja sheria yako kwa ajili yangu. Sina cha kukulipa."

"Hakuna anayedai. Na wewe hukukosea yote. Kikao kijacho tutaweka kiwango cha akiba. Ikizidi hapo, ziada iende kwa wenye shida, tuanze na bati." Akanisogezea nafasi kwenye benchi. "Ila kufuli sikuivunja mimi. Nyundo ilinishinda. Kavunja Ashatu. Alikuja mbio amelowa, akaipiga mara tatu ikaachia. Kisha akampakata Adila garini mpaka hapa."

Ashatu, tuliyemnyima.

"Yuko wapi nimshukuru?"

"Karudi nyumbani. Mvua imeanza tena, amekwenda kukinga maji."

Nikamwachia Bi Hafidha mwanangu na mjukuu wangu. Kabla ya magharibi nilikuwa ndani kwa Ashatu, nimeshika beseni.