Kidonda cha Were na Macho ya Mama Mkwe

Kwa miaka kumi na minane Tobias Were aliendesha lori la duka la mbao huko Ngara akiwa ameegemea kalio moja. Juu kidogo ya mfereji wa makalio alikuwa na kitundu kilichotoa usaha, kikafunga, kikatoa tena. Yeye alikiita jipu, akakiwekea pamba, akavaa suruali nyeusi. Tajiri wake, Rajinder, alidhani ndivyo watu wa Bungoma wanavyokaa.

Mwaka 1974 pamba ikaanza kutoka na damu, na nyama ikaota pale. Mkewe Namalwa akamkokota kutoka nyumbani kwao Kabiria hadi kwa Daktari Vidya, naye akakata kipande kipimwe.

"Bwana Were, hii ni saratani ya ngozi," daktari alimwambia majibu yalipofika. "Ni nadra, lakini kidonda kikikaa miaka mingi huweza kuiotesha. Tukikata wiki hii, kuna matumaini. Ukichelewa, siwezi kukuahidi kitu."

Were aliogopa kwelikweli. Siku ya upasuaji alifika hospitalini alfajiri, akavishwa lile gauni lisilo na mgongo, akaingia chumba cha kuandaliwa. Muuguzi aliyekuwa akimngoja kando ya kitanda alikuwa mama mzazi wa Namalwa.

Kwao mtu na mama mkwe hawapeani hata mkono. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Were alitimka hadi koridoni, mikono yote miwili nyuma, wagonjwa wakimpisha.

"Heri nife!" alimwambia Namalwa. "Kwani hakuna nurse mwingine?"

Sauti ya mama mkwe ikatokea nyuma ya mlango. "Baba Nafula, tulikatazwa kuangaliana uso kwa uso. Hiyo kitu utanionyesha si uso."

Koridoni watu walivunjika mbavu. Were hakucheka. Alimtazama Namalwa, akaona machozi, basi akarudi kinyumenyume na kulala kifudifudi, uso ndani ya mto.

Mama mkwe akaanza kumsafisha kidonda.

"Kila Krismasi nakutolea kiti, unakula umesimama," alisema polepole. "Miaka yote hiyo nilidhani unanidharau."

"Hapana, Mama," Were aliuambia mto.

"Kwa aibu hii faini ni kuku. Utamleta wewe mwenyewe, ukitembea."

Desemba Were alimwacha jogoo mwekundu mlangoni kwa mkwewe, akarudi nyuma hatua ishirini kama adabu inavyotaka. Kiti kikaletwa. Akakikalia, makalio yote mawili.