Mpimaji Kwenye Benchi la Wateja

Jumanne, saa nne na robo asubuhi, uzi mweupe ulikataa kuingia kwenye tundu la sindano kwa mara ya tatu. Fundi aliulamba, akausokota, akajaribu tena. Ncha ikapita kushoto, ikapita kulia. Mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka. Akachukua sindano nyingine kwenye kimto, iliyokwisha kutungwa uzi, akaendelea kukunja pindo la gauni la muuguzi. Alidhani ameiacha hivyo jana.

Gauni hilo lilikuwa la hamsini na tatu kati ya mia mbili na arobaini. Hospitali kubwa ilimpa kazi hiyo kila mwaka, na huu ulikuwa wa tisa. Bila magauni hayo chumba chake cha kushonea kingebaki na zipu za suruali za watu na mapazia, na zipu hazijawahi kulipa pango la mtu.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa upande wa dirishani akipiga pasi. Alipogeuza mgongo, Fundi alitoa simu akaandika: mkono wa kulia kutetemeka asubuhi. Ukurasa ukaja, lakini mbele yake lilisimama tangazo lenye maneno mengi madogo na kitufe kimoja kikubwa kilichoandikwa Nakubali. Fundi hakuyasoma yale maneno. Nani huyasoma? Akabonyeza, kama anavyobonyeza siku zote, ili liondoke njiani.

Kabla hajainua kidole, mtu alipiga hodi.

Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye koti la kijivu lililofumuka kwenye kiwiko. Alifuta viatu mlangoni, akasalimia vizuri, akavuta futi ya kupimia kutoka mfukoni.

"Suruali au koti?" aliuliza Fundi.

"Si mimi, mama. Nimekuja kukupima wewe. Umekubali."

"Nilikubali ili nisome."

"Ndivyo wanavyokubali wote," alisema Mpimaji, wala hakusema kwa ubaya.

Akaanza kazi. Alipima pale jicho la Fundi liliposimama kwenye ukurasa. Neno "mazoezi" lilitazamwa inchi mbili. Maneno "hauna tiba" yalitazamwa futi moja na nusu, jicho likapanda juu, likarudi, likayatazama tena. Fundi alifungua kurasa nyingine za ugonjwa huo, Mpimaji akaandika yote daftarini, kisha akakaa kwenye benchi la wateja na hakuondoka.

"Baba, sogea kidogo, umekalia kola," Wifi alimwambia. Akasogea. Hakuna aliyeshangaa. Kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara alikuwapo mtu huyohuyo, na koti hilohilo, saa hiyohiyo. Kwenye duka la dawa pia. Watu walichokilalamikia ni kwamba anajaza mabenchi.

Kilichomkera Fundi ni daftari. Yeye naye alikuwa nalo, la vipimo vya wateja, na kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kuandika jina la mtu ndani yake. Kila ukurasa alishonea kifungo: cha buluu, cha mbao, cha shaba chenye nanga. Kifungo kipi ni cha nani alijua yeye peke yake. Bibi harusi mmoja aliongezeka inchi nne kiunoni kati ya kupimwa na kuolewa. Fundi aliachia mishono, akapiga pasi, akafunga mdomo. Mpaka leo mama mkwe anasifu lile gauni.

"Daftari lako linafungwa?" alimuuliza Mpimaji.

"Linafungwa, mama. Ila akija mwenye maombi, nalifungua."

Basi Fundi akaona amchezee akili. Siku tatu mfululizo, wakati wa mapumziko ya mchana, alitafuta upuuzi: ufugaji wa nyuki, bei ya mabati, namna ya kumfundisha kasuku adabu. Mpimaji aliandika kwa furaha. Ijumaa ndipo Fundi alipochungulia, akaona kwamba nyuki na kasuku hawamo daftarini hata kidogo. Kilichopimwa ni kidole gumba: kila kilipogusa herufi, kilitikisika mara ngapi, kilikosea kwa upana gani. Kadiri alivyoandika upuuzi, ndivyo alivyompa vipimo zaidi. Alijiona mjinga.

Jumatatu akaja bwana manunuzi wa hospitali. Kwa kawaida alishika gauni, akavuta mshono kwa nguvu zote kama anang'oa mhogo, kisha akacheka na kuomba maji. Safari hii hakugusa gauni. Aliutazama mkono. Mpimaji akainuka kidogo kwenye benchi, wakasalimiana kama watu wanaofahamiana.

"Magauni yaliyobaki tutampa mwingine, mama."

"Yaliyokwisha yana kasoro?" Fundi alilitandaza moja mezani. "Vuta hapo. Vuta, baba."

Hakuvuta. "Sina neno na kazi yako. Mshono umenyooka."

"Sasa?"

"Umesoma kurasa kumi na moja za ugonjwa wa kutetemeka," alisema bwana manunuzi, akitazama viatu vyake. Akasaini kupokea magauni tisini na sita, akaaga kwa heshima, akaenda.

Fundi akamgeukia Mpimaji. "Nionyeshe ukurasa wangu. Kama naumwa, na mimi nijue."

"Huo una wenyewe, mama."

"Mwenyewe si mimi?"

Mpimaji alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Hapana," alisema.

Fundi akakaa. Mkono ulikuwa unatetemeka mapajani naye hakuuficha tena. "Wifi," alisema, "umesikia yote."

"Nilijua tangu mwezi wa pili." Wifi hakuinua macho kwenye pasi. "Sindano hazijitungi uzi zenyewe."

Fundi alikitazama kimto cha sindano. Zilikuwamo kumi, kila moja na mkia wake mweupe. Zilikuwa kumi kila asubuhi.

"Mbona hukuniambia?"

"Lilikuwa lako la kusema, wifi. Mimi nilikuwa nangoja tu. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na nilikuwa nimekaribia kuchoka kungoja."

Fundi alilia kidogo, akafuta uso kwa kipande cha bitana, akasimama. Mikono haikuzoea kukaa bure. "Lete hilo koti," alimwambia Mpimaji. "Kiwiko hicho kinaniaibisha mbele ya wateja."

Aliposhona kiwiko, akampima kabisa, kwa mazoea. Kifua: hakuna. Kiuno: hakuna. Futi ilizunguka ikakutana na ncha yake bila kupita kitu. Fundi aliandika alichokipata, akashonea kifungo cha kijivu, akafunga daftari.

"Umeandika nini?" aliuliza Mpimaji.

"Kipimo chako. Ni chako, ukitaka kukiona, kione."

Akampa. Mpimaji aliutazama ule ukurasa muda mrefu. Muda gani hasa haijulikani, kwa sababu hapakuwa na wa kupima.

"Amepimika?" Wifi alinong'ona.

"Hayo ni ya mteja," alisema Fundi.

Kisha akachukua simu kutafuta daktari wa mishipa ya fahamu. Alikuwapo mmoja tu, naye alikuwa wa hospitali ileile. Ili kupanga siku ya kuonana naye ilibidi kufungua ukurasa, na mbele ya ukurasa lilisimama tangazo lenye maneno mengi madogo. Safari hii Fundi aliyasoma yote, kutoka juu hadi chini, Wifi akimsomea yaliyofifia. Hapakuwa na kitufe kingine.

Akabonyeza. Mpimaji alivaa koti lake lililoshonwa, akamshukuru tena kwa kiwiko, akavuta futi.

"Ukurasa wa kumi na mbili," alisema, akaandika.