Sikio la Pili

Patasi, mchongaji aliyepewa jina la chombo chake, alikuwa akipaka nta ndege wake wa mti, mmoja baada ya mwingine, dada yake aliporudi mbio kutoka banda la pili la maonyesho. Alikwenda kutafuta chai. Alirudi mikono mitupu, midomo imemkauka.

"Kaka, nimemwamkia mama."

"Mama yupi?"

"Mama yetu! Nimepita kwenye meza ya ile kampuni ya mapambo, salamu ikaniponyoka. Shikamoo mama. Na tulimzika kwa mikono yetu."

Patasi aliuacha mkebe wa nta wazi, akamfuata.

Mezani kulikuwa na vichwa arobaini vya mama yao, vimepangwa safu nne, vyote vikiwatazama. Kilemba kilekile, shavu lilelile lililobonyea, na sikio la kushoto lenye pengo. Wanunuzi waliofika pale walishusha sauti, kama watu waliokuta mgonjwa kalala. Patasi alisogea kulia, akasogea kushoto. Macho themanini yalikuwa naye.

Pengo lile alilijua. Siku aliyomchonga, mama akiwa hai, kakaa mbele yake anapeta mchele, patasi ilimteleza ikaondoka na kipande cha sikio. Alitaka kulitupa gogo. Mama akacheka mpaka machozi. "Liache. Nimebakiwa na hilo la kulia, nalo linasikia yote. Chungeni ndimi zenu."

Tangu azikwe, dada alikuwa na mazoea ya kukiinamia kichwa kile cha mti upande wa kulia na kukinong'oneza: bei ya unga, vituko vya majirani. Ndipo mwaka jana ofisi ya maonyesho ikadai kila mchongaji alete sampuli ya ukaguzi, iwe kazi yake bora. Patasi, mjinga huyu, akampeleka mama. Mwaka mzima alipokifuata aliambiwa njoo kesho, na kesho haikufika.

"Karibuni," alisema binti wa mezani. "Sanamu zote ni sawasawa."

Patasi alianza kugonga kwa kifundo cha kidole, kichwa kimoja kimoja. Plastiki tupu. Tupu. Tupu. Safu ya kwanza ikaisha, ya pili, ya tatu. Dada alikuwa akihesabu chini kwa chini. Katika safu ya mwisho, nyuma kabisa, kimoja kikajibu kwa sauti nzito ya mti.

"Ni yeye," alisema Patasi, akamnyanyua.

"Weka chini hiyo!" Alikuwa ni Bwana Mhuri, ofisa wa maonyesho, jina alilopewa na wachongaji kwa kuwa mhuri haukutoka mkononi mwake. "Una risiti?"

"Ni sampuli yangu, mzee. Niliiacha ofisini kwako."

"Ofisi haitoi risiti za sampuli."

"Sasa mimi niitoe wapi?"

"Ndiyo nakuuliza."

Dada akachemka. "Mtu anakuwa na risiti ya mama yake mzazi?"

Bwana Mhuri alifungua faili taratibu, akasoma: "Uso wa mama mzee, kilemba, sikio la kushoto lina pengo, la kulia zima. Umbo hili limesajiliwa na kampuni. Ukitoka nalo wewe ni mwizi, na meza yako naifunga."

Patasi aliutazama uso ule mikononi mwake. Kisha akatoa patasi mfukoni mwa aproni. Watu wakarudi nyuma.

"Rudia hapo mwisho pa masikio, mzee."

"La kulia zima."

Alimlaza mama kifuani, akaweka ncha kwenye sikio la kulia, akapiga mara moja kwa kiganja. Kipande cha mti kikaanguka sakafuni.

"Basi huyu si wenu," alisema.

Bwana Mhuri alisoma karatasi tena, akatazama kichwa, akasoma tena. Mhuri ulibaki umening'inia. Patasi akapita mbele yake, akakusanya ndege wake, na hakuna aliyemzuia.

Njiani dada alimpakata mama ndani ya mtandio. Walipovuka barabara aliinama upande wa kulia, kama siku zote.

"Mama, leo hata chai hatu..."

Kidole chake kikagusa mahali palipokatwa, bado pana unga wa mti. Patasi aliona, akaongeza mwendo.