Kesi ya Mgomba na Tangawizi

Usiku wa kuamkia leo niliota nasikia panga likinolewa. Sikuona kitu. Kri, kri, kri tu, gizani.

Mara kukapambazuka, nami nimeketi kibanjani, shambani mwetu mwa migomba, kule Kamachumu. Panga linajinoa lenyewe juu ya jiwe. Mgomba amevaa kanzu. Tangawizi amekaa chini, udongo ungali miguuni.

"Mutasingwa," Mgomba akaniita, "huyu anadai ni ndugu yangu. Asubuhi na wewe una kesi kama hii. Basi amua."

Ni kweli. Leo ukoo wetu unakaa kumjadili Mujuni, kijana aliyetokea Kigoma akisema marehemu baba ndiye aliyemzaa. Nilishaapa kumkana. Hana pua yetu, hana urefu wetu.

"Hamfanani," nikamwambia Tangawizi. "Mwenzio ana mikungu. Wewe una nini?"

"Nina ua. Mimi, manjano na iliki ni familia moja, huyu bwana ana yake. Ila oda yetu, ule ukoo mkubwa wa familia zetu, ni moja; babu yetu mmoja. Sura ni ya sokoni. Undugu hutazamwa ndani ya ua."

Panga likacheka. "Si unajua kuhesabu mizani, malenga? Hesabu stameni, vile vijiti vya chavua. Za huyu mgeni zikipungua, namkata."

Naingiza kidole katika ua la Mgomba. Tano. Naingiza katika ua la Tangawizi. Moja. Panga linainuka.

"Tazama vizuri, mwanangu," Tangawizi ananong'ona. "Nyingine hazikufa. Zilijigeuza."

Natazama ile petali pana kuliko zote. Si petali. Ni stameni mbili zimeshikana, zimevaa nguo za ugenini.

"Ni ndugu!" nikapiga kelele.

Kibanja kikawa sebule ya baba. Pale alipokaa Tangawizi sasa amekaa Mujuni, panga shingoni.

"Na huyu, nikate?" likauliza kwa adabu. "Shina lenu moja. Nikianza kwake, nitamalizia kwako."

Nikajitupa nyuma.

Nikaamka nimejishika koo. Chini ya ukucha wa kidole cha shahada kulikuwa na chavua, mbichi, ya njano.

Nje wazee wa ukoo walishaanza kukohoa mabenchini. Mujuni alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, kaka. Wananiita."

"Marahaba. Kaa ubavuni kwangu," nikamwambia, kwa sauti ya kusikika hadi mabenchini. "Nitasema mbele yao wote: huyu ni mtoto wa baba yangu. Anayetaka kukukata, ataanza na mimi."