Maini ya Wakwe wa Malinyi

Kwa wakwe zetu wa Malinyi, binti haingii kanisani mpaka wazee wawili, mmoja wa kwao na mmoja wa kwa binti, wale maini ya mbuzi mmoja mbele ya watu. Anayeyakataa amekataa ndoa. Ndiyo desturi ya ukoo wao, na mbuzi walikuwa wameshamchinja uani kwangu.

Mzee wangu Hilari ana jongo, lile ambalo daktari analiita gauti. Mara ya mwisho alipoonja maini, kidole gumba cha mguu kilivimba kama nyanya. Shuka tu likikigusa, analia. Na huyo ni mtu aliyewahi kumfokea kiboko kwenye mpunga mpaka kiboko akaondoka. Tangu hapo nimemlisha wali, matembele, papai na maji mengi, hadi akaniuliza kama namfuga. Pombe nilimwaga, dagaa nikampa paka. Paka kanenepa, mguu ukapona. Kesho ndio ulitakiwa umpeleke mjukuu wetu Agnella altareni, maana baba yake, Deus wetu, ni marehemu.

"Si useme tu unaumwa?" nilimwambia mlangoni mwa jiko.

"Niseme wasikie? Watasema ukoo wa vilema, wamchukue kijana wao warudi naye Malinyi. Nitakula, mama Deus. Kidogo."

"Hicho kidogo ndicho kitakupeleka altareni kwa toroli."

Akatoka kwenda kukaa na wageni. Marsiana, mama yake Agnella, alikuwa anageuza maini huku machozi yakimtoka, akisingizia moshi.

Nikaenda kuwanawisha wageni. Mzee wao, Hermenegildi, alikuwa kavua kiatu cha kushoto, mguu kauweka juu juu kama yai. Kuku akapita karibu. Mzee akauvuta mguu kama kaona nyoka.

Mguu wa namna hiyo nimelala nao kitanda kimoja. Naujua.

Nilirudi jikoni nikakamata mabilinganya mawili, nikayachoma, nikayakata vipande, nikayazamisha kwenye mchuzi wa vitunguu vilivyoungua mpaka yakawa na rangi ya dhambi. Nikapakua sahani mbili.

"Mama, wakigundua?" Marsiana akauliza.

"Wa kwao atagundua. Huyo huyo ndiye ninayemtegemea."

Nilisema hivyo, lakini sikuwa na hakika. Kama yule mzee alijikwaa tu kwenye jiwe, basi ndoa ya mjukuu wangu ningekuwa nimeivunja kwa mboga.

Sebuleni nikaweka sahani mbele ya wazee wawili. Hilari alitia kipande mdomoni kama mtu anayemeza shubiri. Akatafuna. Akaacha kutafuna, akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Hermenegildi naye akatia chake. Taya likasimama. Akakigeuza kwa kidole kipande kilichobaki, akakibonyeza.

"Kaka, vipi?" dada yake, Eufrasia, akauliza. "Hayajaiva?"

Aliniangalia mimi, muda mrefu. Kisha akamwangalia Hilari, akashuka mpaka kwenye viatu vyake, kile cha kushoto nilichokikata mbele ili kidole kisiguswe. Mlangoni Marsiana alikuwa ameshika fremu kwa mikono miwili. Kijiko cha mtu kikaanguka, hakuna aliyeinama kukiokota.

Mzee akameza.

"Yameiva," akasema. "Mkwe, nani kakufundisha kupika maini ya hivi?"

"Mzee wangu. Mengine siku hizi hayataki."

"Ana akili kuliko anavyoonekana." Akanisogezea sahani. "Niongeze. Na hiyo pombe tuliyokuja nayo wape vijana, mimi nipe maji."

Eufrasia akapiga kigelegele, wengine wakadakia. Hermenegildi akamwinamia Hilari sikioni, lakini mimi nilikuwa karibu, na masikio yangu hayajazeeka.

"Kesho kanisani," alimwambia, "twende polepole, mkwe. Watadhani ni heshima."

Maini yenyewe tuliyamaliza mimi na Marsiana nyuma ya jiko. Paka tulimwachia sahani alambe.