Kisichokuwa Sauti ya Mtu

Kazi yake ilikuwa kuzisema vibaya simu za zamani. Hakuna aliyeiita hivyo, na kwenye beji ya kifuani waliandika "mshauri wa wateja", lakini ungekaa pale dukani kidogo tu ungejionea mwenyewe. Mteja anaingia na simu yake aliyoizoea, imetulia mkononi, haijamkosea kitu. Dada anaipokea kwa vidole viwili, anailaza mezani kando ya toleo jipya, kisha anaanza. Kioo cha hii juani kinakufa, cha ile kinasomeka hata jua la utosini. Hii ukiifungulia vitu vitatu kwa pamoja inahema, ile prosesa yake inacheka tu. Betri ya hii ikifika jioni iko hoi. Kamera ya hii gizani inakupa kivuli cha mwanao, ile inakupa mwanao mwenyewe. Mtu aliyeingia kununua kava anatoka ameshaanza kuichukia simu yake.

Alikuwa hodari, hilo tusimnyime. Wenzake walimwita Mdomo Mali, na kila toleo jipya lilipofika, msimamizi wa duka alimpa yeye kwanza alitambulishe. Kipaji hicho hakukiokota njiani. Baba yake alikuwa dalali wa mnada, mtu wa kupanda juu ya kreti na kulinadi kabati bovu mpaka watu wazima wenye akili zao wakaligombania. Watu walimwita Nyundo. Sauti yake ilifika mtaa wa pili bila kipaza sauti, na nyumbani hata alipodhani ananong'ona, majirani walijua leo kwake kumepikwa nini.

Kisha kiharusi kikampiga. Kilichukua mguu, kikachukua mkono wa kulia, na kilipofika kwenye ulimi kikauchukua mzimamzima. Alichobaki nacho ni mngurumo, mzito, wa kutoka kifuani, usio na neno hata moja ndani yake. Watoto wa jirani walipousikia mara ya kwanza waliangua kicheko, na tangu siku hiyo mgeni yeyote akiingia mzee anafumba mdomo. Iliuma kuliko ugonjwa wenyewe. Mtaalamu wa mazoezi ya kusema alimwambia mama waziwazi: msimwache anyamaze, koo lisipotumika litasahau kazi yake.

Mbali na mkewe, mtu pekee ambaye mzee alimngurumia bila aibu ni huyu bintiye. Alikuwa akiishi mji mwingine, safari ya kutwa nzima ndani ya basi, kwa hiyo mazungumzo yao yalikuwa ya simu. Kila siku saa ya chakula alitoka nyuma ya duka, akaketi juu ya maboksi matupu, akapiga. Mama alipokea na kuisogeza simu mdomoni mwa mzee.

"Shikamoo baba."

"Mmmmm." Huo ulikuwa mrefu, wa kupanda, na maana yake ni marahaba mama. Binti alipewa jina la bibi yake mzaa baba, basi kwa baba yake alikuwa mama tangu yuko kwenye nepi. Mngurumo mfupi ulikuwa hapana. Uliokatikakatika ulikuwa kicheko. Alimsimulia vituko vya wateja, mzee akacheka mpaka akapaliwa. Simu yenyewe ilikuwa kuukuu, kioo kina ufa, mgongo umefungwa mpira ili betri isidondoke, lakini ilibeba kila kitu: mngurumo, kitanda kikilia, mama akigonganisha sufuria uani.

"Mimi nakusikia, baba," alimwambia kila mara kabla hajakata. "Sauti ni ileile. Nyundo ni Nyundo."

Ndipo likaja toleo jipya, na safari hii sifa yake kubwa haikuwa kamera wala kioo. Lilikuwa na maikrofoni tatu, na ndani yake programu inayosikiliza na kuamua: hii ni sauti ya mtu, ipite, hii ni kelele, ifutwe. Matoleo ya zamani hayakuwa na akili hiyo, yalisomba kila yalichokikuta. Siku ya kulitambulisha alisimama mlangoni mwa duka, malori yanapiga honi, mchomeleaji wa jirani anakata vyuma, akampigia mteja aliyekuwa ndani. Mteja akatoka ameshika kichwa. Alimsikia kama wameketi kochi moja! Watu wakapiga makofi, na simu zikanunuliwa kama maji ya kunywa.

Aliyarudia maneno yale siku nzima mpaka yakamwingia na yeye. Kwa nini baba yake aendelee na lile gofu lenye mpira mgongoni? Akamtumia toleo jipya kwa basi, na ile ya zamani akaagiza irudishwe. Ilipofika hakuitazama mara mbili. Aliitupa kwenye pipa la simu zinazopelekwa kusagwa.

Siku ya kwanza ya simu mpya aliketi kwenye maboksi yake akitabasamu peke yake. Mama alipokea, sauti yake safi kabisa, akasema simu nyepesi hii, baba yako anaishika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, ngoja niwaachie mwongee, mimi nina nguo za kufua.

"Shikamoo baba."

Kimya. Si kimya cha mtu aliyekaa karibu, unayemsikia akipumua. Kimya kitupu.

"Baba? Umeipenda simu?"

Kimya tena. Akamsimulia kuhusu mteja aliyetaka simu isiyoingia ujumbe wa mkewe, hadithi ambayo ingemfanya mzee apaliwe. Hakuna kitu. Akajiambia labda amechoka. Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa. Akaanza kupata picha, na picha aliyoipata haikuwa sahihi. Wiki iliyotangulia alikuwa amewaambia kwamba likizo yake imesogezwa mbele kwa sababu ya toleo jipya, hatakuja kama alivyoahidi. Mzee alimtaka sana aje. Na Nyundo akitaka jambo asilipate, kununa kwake kulijulikana ukoo mzima. Hata mama alipoulizwa alisema tu, "Si unamjua baba yako." Mama alikuwa uani na nguo zake, akisikia mngurumo unakuja kutoka chumbani, akajua baba na mwana wanaongea.

Siku moja uvumilivu ukamwishia. Asubuhi msimamizi alikuwa amemfokea, tumbo lilikuwa tupu, na sikioni kile kimya.

"Baba, sikusikii. Sisikii kitu kabisa. Mbona husemi?" Akangoja. "Haya. Siku ukitaka kusema na mimi utanipigia."

Akakata. Naye ni mtoto wa Nyundo, kununa hakufundishwa na mtu. Siku zilizofuata hakupiga, na mama alipopiga akisema baba yako hataki hata kuishika hiyo simu, alijibu kwamba yuko na wateja.

Aliyemfumbua macho alikuwa fundi wa magari, mtu mnene mwenye ovaroli iliyoshiba oili. Aliiweka simu mezani kwa nguvu.

"Dada, chukua simu yako. Mimi siitaki."

"Ina tatizo gani, kaka?"

"Bosi wangu mgonjwa, yuko kitandani. Gari likinishinda nampigia, namwekea simu kwenye injini, anasikiliza, ananiambia kagua mkanda, kagua valvu. Na ile ya zamani alikuwa anasikia hata nati iliyolegea. Hii yako naiweka, injini inanguruma hapa dunia nzima inasikia, yeye kule ananiuliza, mbona hujawasha gari?"

Wateja wawili wakacheka. Yeye pia akacheka, akavaa sauti yake ya kazi. "Kaka, hiyo si kasoro, hiyo ndiyo sifa yake. Inachuja. Chochote kinachonguruma, kinacholia, kisichokuwa sauti ya mtu, inakifuta kabla hakijafika..."

Hakuimaliza sentensi. Fundi alimwona midomo ikibaki wazi. Akachukua toleo jipya lililokuwa mezani, akapiga ya zamani iliyokuwa kando yake, akampa fundi atoke nayo nje ya mlango, aiweke sikioni. Kisha akafumba mdomo na kunguruma kutoka kifuani, mrefu, wa kupanda.

"Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu," fundi akasema, akirudi ndani. "Ulikuwa unafanya nini, dada?"

Alfajiri ya siku iliyofuata alikuwa kituo cha basi, safari ya kwa wazazi wake. Msimamizi alimpigia njiani mara kadhaa, hakupokea.

Mama alimkuta langoni, akamvuta pembeni karibu na beseni la nguo kabla hajaingia ndani. Mama alikuwa amekonda.

"Mwanangu, mlisemezana nini na baba yako? Alikuwa akikungurumia mpaka jasho linamtoka, mimi niko hapa nafua namsikia. Siku ile ulipokata aliniita kwa mkono. Akagusa koo lake, akafanya hivi." Mama alipunga kiganja chini, pwa, kama dalali anavyofunga bidhaa iliyokosa mnunuzi. "Tangu siku hiyo hajatoa sauti. Hata maji haombi, anaonyesha kikombe. Mtaalamu amekuja, ametikisa kichwa. Anasema wiki zikipita hivi, tusahau."

Alijikaza, akaingia, mama nyuma yake. Chumba kilinuka dawa ya kuchua. Mzee alikuwa ameegemezwa mito miwili kando ya dirisha, shati limefungwa vifungo mpaka juu, simu mpya iko mezani kati ya chupa za dawa na redio.

"Shikamoo baba."

Alimtazama, macho yakajaa maji, akaitikia kwa kichwa. Midomo ilikuwa imefumbwa kama ya mtu anayenyweshwa dawa chungu.

"Baba, lile halikuwa kosa lako. Simu ni mbovu. Ndiyo maana nilikuwa sikusikii."

Mzee alifikiri. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akaichukua simu, akampa mkewe, akaonyesha uani, akaonyesha mkoba wa binti. Mama akatoka, na simu ndani ya mkoba ikaita; binti akaipokea, akaiweka spika.

"Haloo, mnanisikia huko? Mimi nawapata vizuri. Jamani hiki kitenge kinachuja rangi, nani alikichanganya na mashuka?"

Sauti ilikuwa safi, hata pumzi zilisikika. Baba yake alimtazama kwa jicho lile la mnadani, alilokuwa akimtupia muuzaji anayeapa kwamba kabati ni la mbao ngumu. Akagusa koo. Kiganja kikashuka, pwa.

Ukweli binti aliujua wote, na angeweza kuueleza vizuri kuliko mtu yeyote mjini, maana ndiyo kazi aliyoajiriwa nayo. Maikrofoni tatu, programu, kuchuja. Lakini kila njia aliyoijaribu kichwani iliishia kwenye neno lilelile. Angemwambiaje Nyundo kwamba mashine imemsikiliza siku zote hizo, ikampima, ikamweka fungu moja na honi za malori? Kwamba watoto wa jirani walikuwa na haki ya kucheka? Akilisikia hilo, mdomo ule hautafunguka tena, si kwa simu wala kwa mtu. Na hata simu nyingine angemletea, angeishikia nini?

Kulikuwa na neno jingine moja ambalo mzee angeliamini.

"Nimekudanganya, baba. Simu ni nzima. Nilikuwa nakusikia."

Mzee akaacha kupepesa macho.

"Kila siku nilikusikia. Ulinguruma vizuri tu, kila kitu nilikipata. Nilikuwa sina hamu." Sauti yake ilitaka kutetemeka, akaikaza, akavaa ile ya dukani. "Nimechoka, baba. Kila siku saa yangu ya chakula, mmm, mmm. Wenzangu wanakula, mimi niko kwenye maboksi nakusikiliza. Nikaona nijifanye sisikii, utachoka mwenyewe."

Alimwangalia akiamini. Lilikuwa jambo baya kuliko yote aliyowahi kuyatazama: kwanza mshangao, kisha uso wa mzee ukavimba, kifua kikapanda juu ya mito. Mngurumo ulipotoka chupa za dawa zilitikisika. Ulikuwa wa hasira tupu, ukakatika, ukaja mwingine mkubwa zaidi, na mkono wa kushoto ukanyooka kuelekea mlangoni.

"Too..." alisema baba yake. Mate yalimtoka, shingo ikamsimama mishipa. "Too... ka. Toka!"

Lilikuwa limepinda, upande mmoja wa mdomo haukulishika, lakini lilikuwa neno, na hakuna mtu ambaye asingelielewa. Mama aliingia mbio, mikono ina povu, akasimama katikati ya chumba akiwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Amesema!" Alimshika bintiye mabega kwa mikono ile yenye povu, analia na kucheka. "Mwanangu, umesikia? Baba yako amesema!"

"Nimesikia, mama," alijibu, akainama kuchukua mkoba wake.