Umekula Ukashiba?

Nilimdanganya Mama kwamba naenda kutolewa vijiwe vya nyongo. Ukweli ni kwamba nilikatwa robo tatu ya mfuko wa chakula, nikabakiziwa kipande chembamba chenye ukubwa wa ndizi, kimeshonwa kwa pini. Nilikuwa na kilo mia na kumi na nane, kisukari, na miaka arobaini na miwili. Baba alikuwa na kisukari hichohicho. Kilianza na kidole cha mguu, kikapanda hadi gotini, kikammaliza. Mimi njia hiyo sikutaka kuifuata.

Sasa utaniuliza, si ungemwambia tu mama yako? Wewe humjui Mama. Ameuza keki za mchele za bakuli pale sokoni, mjini Tainan, miaka thelathini na minane. Watu wa kwetu tukikutana huulizana, "Umekula ukashiba?" Wengi huuliza na kupita zao. Mama husubiri jibu, na ujibu utakavyojibu, bakuli linakuja. Mtu kama huyo nimwambie nini? Kwamba nimewaomba madaktari walikate tumbo alilolijaza yeye?

Maumivu nitayasema kama yalivyokuwa. Vidonda vitano vya tumboni vilikuwa vidogo, vinavumilika. Kilichonitoa machozi ni bega. Wakikupasua wanakujaza hewa tumboni ili waone vizuri, halafu ile inayobaki inakuja kukuchoma begani.

"Tembea, Dada Liao," nesi aliniambia.

"Nitembee kwa bega?"

Hakucheka. Basi nikatembea, koridoni huku na huku, nimeshika chuma cha dripu, nabeua kama mzee aliyetoka harusini. Siku ya tatu bega likaniachia.

Kazi ngumu ikawa kunywa. Mililita thelathini, kidogo kidogo, kisha usubiri robo saa. Wiki mbili ni vyakula vya majimaji tu. Kitu cha kutafuna kingeweza kukwama, au kibaya zaidi, kufumua pini. Zikifumuka unarudi kupasuliwa, na wapo wasiorudi nyumbani. Nesi alinirudia hayo mara tatu, na mara zote tatu niliitikia kama mwanafunzi mwema.

Nyumbani, Mama akawa anakuja kila siku akishafunga banda, mkononi chupa ya supu ya samaki na tangawizi. Kwetu mtu aliyepasuliwa akikosa supu hiyo, majirani wanaisema familia. Nilikuwa nakunywa ile ya juu kidogo, Mama akienda kuosha vyombo, iliyobaki namwaga chooni. Nilijiona mwizi.

Siku ya tisa alinitazama mashavu. "A-Chun, uso umekwisha. Supu gani hii isiyoingia mwilini?"

Sikujua kwamba siku hiyo amemchambua samaki, akamponda pamoja na wali na kumchanganya mlemle kwenye supu. Akavuta kiti, akakaa mbele yangu. "Haya, kunywa nikuone."

Niliona supu ni nzito. Niliogopa kuuliza, maana nikiuliza itabidi nieleze. Nikanywa mafunda matatu.

La tatu halikushuka. Kifua kilibana, jasho baridi likanitoka, mate yakajaa mdomoni. Nikapiga magoti chooni na kutapika, na kila tumbo likikaza nawaza pini. Mama nyuma yangu ananisugua mgongo. "Tapika, mwanangu, itoe yote, ni nyongo hiyo!"

"Si nyongo!" nikafoka. "Nimekatwa tumbo, Mama! Nimekatwa ili nisile!"

Mkono wake ukasimama mgongoni.

Tulipelekwa hospitali kwa gari la wagonjwa. Wakanipiga picha, hakuna kilichofumuka. Nesi yule yule alinisema mpaka nikaona haya, kisha akamgeukia Mama. "Bibi, umempa nini huyu?"

"Chakula," Mama akajibu.

Tukarudi hadi mlangoni kwangu. "Miaka yote nilidhani nakulea," akasema. "Kumbe nakuua."

"Mimi sikusema hivyo, Mama."

"Wewe hukusema chochote." Akageuka, akaenda zake.

Siku nne hakuja. Jamani, lile bega lilikuwa mchezo. Simu hapokei. Nikampigia jirani yake wa banda, Bi Khoo, akaniambia Mama yupo, anauza kama kawaida, ila haulizi mtu kama ameshiba. Nikalia hapohapo kwenye simu. Niliwaza huenda nimepona kisukari nikapoteza mama.

Siku ya tano akaja na chupa ileile. Akafungua kitambaa, akatoa kikombe cha chai cha Baba, kimoja cha vile vidogo vya udongo ambavyo mtu anavimaliza kwa mafunda mawili.

"Nimekipima kwa kijiko cha dawa," akasema bila salamu. "Thelathini kamili. Na nimeichuja mara tatu, usinitolee macho."

Supu ilikuwa nyeupe, haina hata chembe. Nikanywa taratibu, yeye anatazama saa ya ukutani. Tukakaa robo saa tukingoja. Mimi na Mama hatukuwahi kukaa hivyo, bila yeye kunilisha. Akamimina cha pili. Nilipofika nusu, nikakiweka chini.

"Umekula ukashiba?"

Swali hilo nimeulizwa maisha yangu yote, na maisha yangu yote nimejibu ndiyo huku jicho liko kwenye sufuria. Safari hii nilijisikiliza kwanza.

"Nimeshiba, Mama."

Mkono wake ulikwishashika chupa, kwa mazoea. Ukatulia pale juu ya kifuniko, kisha akakikaza. Akachukua kikombe, akanywa nusu yangu iliyobaki, akakunja uso.

"Chumvi haitoshi," akasema, machozi yanamtoka. "Kesho nitarekebisha."